Nani Alimtunga Wonder Woman? Wasifu wa William Moulton Marston, Suala la Jina la Mtunzi na Funzo Lake kwa Hadithi za Picha za Nile Magharibi

Ikisiri

Makala hii inahakiki namna wasifu wa William Moulton Marston (1893–1947), mtunzi wa shujaa wa kike Wonder Woman, unavyotumiwa kufasiri kazi yake. Wahakiki wengi wamevutwa na idadi ya wanawake waliokuwa nyumbani mwake. Makala inadai kuwa kwa msomaji wa Afrika Mashariki idadi hiyo si jambo kubwa. Jambo kubwa ni siri iliyoizunguka nyumba hiyo, kwa kuwa siri iliyoilinda familia ndiyo pia iliyowanyima wanawake wake majina katika kazi waliyoshiriki kuiunda. Mtunzi alipofariki, wasiokuwa na jina hawakuwa na mamlaka ya kuilinda kazi. Makala inahitimisha kwa mapendekezo kuhusu utambuzi wa watunzi kwa wale wanaopanga kuandaa hadithi za picha katika Kiswahili na lugha za Nile Magharibi.

1. Utangulizi

Marekebisho ya Katiba ya Uganda ya mwaka 2005 yaliifanya lugha ya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, na mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha hatua za kuitekeleza, ikiwa ni pamoja na kuifundisha katika shule za msingi na za sekondari. Katika Nile Magharibi, Kiswahili hakikuanza na maamuzi hayo. Kilifika zamani kwa njia ya jeshi, biashara na mpaka wa Kongo, na hadi leo kinasikika sokoni Arua na Koboko pamoja na Kilugbara, Kikakwa, Kinubi na Lingala. Kinachohitajika sasa ni matini za kusoma. Hadithi ya picha ni miongoni mwa tanzu zinazopendekezwa kwanza, kwa sababu picha humsaidia msomaji anayeanza na huvuka mipaka ya lugha kwa wepesi.

Pendekezo la aina hiyo huambatana mara nyingi na jingine: shujaa awe msichana, ili wasomaji wasichana wapate kielelezo. Pendekezo ni jema. Hata hivyo, kabla ya kuunda shujaa wa kike kwa ajili ya watoto wa Ajia au Koboko, inafaa kumchunguza yule ambaye amekuwa kielelezo cha wengine wote kwa zaidi ya miaka 80, na kuuliza alitungwa na nani. Swali hilo linaonekana kuwa na jibu la neno moja, lakini historia inaonyesha vinginevyo.

2. Marston: mwanasaikolojia, wakili na mtunzi

Marston alizaliwa jimboni Massachusetts, Marekani, mwaka 1893. Alipata shahada tatu kutoka Harvard: ya kwanza mwaka 1915, ya sheria mwaka 1918 na ya uzamivu katika saikolojia mwaka 1921. Angali mwanafunzi, alibuni kipimo cha udanganyifu kilichotegemea mabadiliko ya shinikizo la damu la mtu anayehojiwa. Mwaka 1923 mahakama ya rufaa mjini Washington, katika kesi ya Frye, ilikataa ushahidi wa kipimo hicho kwa hoja kwamba mbinu ya kisayansi haina budi iwe imekubaliwa kwa jumla na wataalamu wa fani yake. Kanuni hiyo iliongoza mahakama nyingi za Marekani kwa miongo kadhaa. Hivyo basi jina la Marston liliingia katika historia ya sheria kwa sababu ya kushindwa kwake.

Mwaka 1928 alichapisha kitabu Emotions of Normal People, alimogawanya tabia za hisia katika makundi manne: kutawala, kushawishi, kujisalimisha na kutii. Katika nadharia yake, kujisalimisha kwa hiari kwa mtu apendaye ni chanzo cha furaha, na mwanamke ana uwezo mkubwa kuliko mwanamume wa kuongoza kwa upendo. Mwaka 1937 aliwatangazia waandishi wa habari kuwa siku moja wanawake wangetawala nchi. Kazi za chuo zilimponyoka moja baada ya nyingine, na mwaka 1938 alionekana katika tangazo la wembe wa Gillette akidai kupima hisia za wanaume waliokuwa wakinyoa.

Mwaka 1940 jarida la Family Circle lilichapisha mahojiano ambamo Marston alizitetea hadithi za picha dhidi ya waliodai kuwa zinawaharibu watoto. Mchapishaji M. C. Gaines aliyasoma na kumwajiri awe mshauri. Mwaka uliofuata, katika toleo la 8 la All Star Comics, Wonder Woman alijitokeza kwa mara ya kwanza. Mchoraji alikuwa Harry G. Peter. Jina la mtunzi lililochapishwa lilikuwa Charles Moulton, lakabu iliyounganisha jina la kati la Gaines na jina la kati la Marston. Kwa hiyo tangu mwanzo, jina lililokuwa ukurasani halikuwa la mtu yeyote aliye hai.

3. Nyumba na siri yake

Mwaka 1915 Marston alimwoa Elizabeth Holloway, mwanamke aliyezaliwa katika Kisiwa cha Man. Holloway alihitimu shahada ya sheria katika Chuo Kikuu cha Boston mwaka 1918, kwa kuwa wakati huo shule ya sheria ya Harvard haikuwapokea wanawake. Mwaka 1921 alipata shahada ya uzamili katika saikolojia huko Radcliffe. Katikati ya miaka ya 1920, Marston alipokuwa akifundisha katika Chuo cha Tufts, alikutana na mwanafunzi wake Olive Byrne. Byrne alikuwa binti wa Ethel Byrne, aliyefungwa mwaka 1917 na kugoma kula baada ya kushiriki kufungua kliniki ya uzazi wa mpango mjini Brooklyn pamoja na dada yake, Margaret Sanger. Byrne alihamia nyumbani kwa akina Marston na hakuondoka.

Marston alipata watoto wanne, wawili kwa kila mwanamke. Watoto wa Byrne waliasiliwa kisheria na Marston na Holloway. Majirani waliambiwa kuwa Byrne ni mjane, na watoto wake waliambiwa kuwa baba yao, bwana mmoja aitwaye Richard, alikuwa amefariki. Hawakuujua ukweli hadi mwaka 1963, miaka 16 baada ya kifo cha Marston. Wanawake hao wawili waliendelea kuishi pamoja hadi Byrne alipofariki mwaka 1990.

Historia hii ilijulikana kwa upana kupitia kitabu cha Jill Lepore, The Secret History of Wonder Woman (2014), na filamu ya Angela Robinson ya mwaka 2017, ambayo mjukuu wa Marston aliipinga hadharani. Katika mapokezi ya kazi hizo, lililoshangaza lilikuwa idadi: mume mmoja na wanawake wawili katika nyumba moja. Msomaji wa Nile Magharibi hana sababu ya kushangazwa na hilo. Ndoa ya mitala anaijua. Anajua pia kuwa mitala, pamoja na lawama zote zinazoielekea, ina utaratibu wa hadharani. Mahari hutolewa mbele ya mashahidi, ukoo wa mtoto hujulikana, na kwa desturi ya Walugbara kila mke huwa na nyumba yake na ghala lake. Mke wa pili anaweza kudhulumiwa, lakini haambiwi kuwa hayupo.

Kwa kipimo hicho, upekee wa nyumba ya Marston haumo katika wingi wa wake. Umo katika kutokuwepo kwa jina la kumwita Olive Byrne. Hakuwa mke kisheria, hakutambulishwa kuwa mama wa watoto wa Marston, na alipoandika katika Family Circle alitumia jina la Olive Richard. Yale mahojiano ya 1940 yaliyompatia Marston kazi yaliandikwa na Byrne mwenyewe, kana kwamba mwandishi amemtembelea mwanasaikolojia maarufu kutafuta ushauri. Msomaji wa jarida hakuwa na njia ya kujua kuwa mhoji na mhojiwa waliishi chini ya paa moja.

4. Nyumba kama karakana

Tukiiacha fadhaa ya faragha na kuitazama nyumba hiyo kama mahali pa kazi, tunaona mgawanyo wa wazi. Holloway ndiye aliyeleta mshahara wa kutegemewa. Alifanya kazi katika Encyclopaedia Britannica, kisha katika kampuni ya bima ya Metropolitan Life kuanzia mwaka 1933 hadi alipostaafu. Byrne aliwalea watoto wote wanne na kuiendesha nyumba. Marston alipata muda wa kuandika. Nadharia yake kuhusu uwezo wa wanawake iligharamiwa na ujira wa mwanamke mmoja na ulezi wa mwingine.

Mchango wao haukuishia katika riziki. Kwa mujibu wa kumbukumbu za familia, Holloway ndiye aliyegundua kuwa shinikizo la damu lake hupanda anapokasirika, na ndiye aliyemhimiza mumewe shujaa mpya awe mwanamke. Byrne alimsaidia Marston katika uchunguzi wa wanafunzi wa kike wa Tufts uliotumiwa katika kitabu cha 1928. Byrne pia alivaa bangili pana mikononi mwake kwa miaka mingi, na bangili hizo ndizo anazotumia Wonder Woman kuzuia risasi. Marjorie Wilkes Huntley, mwanamke mwingine aliyekuja na kuondoka katika nyumba hiyo, alisaidia kutia wino na kuandika herufi za hadithi hizo.

Mwaka 1944 msichana aliyekuwa mwanafunzi wa Marston, Joye Hummel, aliajiriwa kusaidia, na baada ya Marston kuugua polio mwaka huohuo, hatimaye akawa anatunga hadithi nzima peke yake. Hadithi zake zilichapishwa kwa jina la Charles Moulton. Hummel alitunukiwa hadharani kwa kazi hiyo mwaka 2018, akiwa na umri wa miaka zaidi ya 90.

Tahadhari ya kihakiki inahitajika hapa. Ushahidi huu hautoshi kudai kuwa wanawake ndio waliomwandika Wonder Woman na Marston akaiba. Hadithi za miaka ya mwanzo ni zake, na nadharia iliyomo ni yake. Ushahidi unatosha kudai jambo dogo zaidi lakini lenye uzito: kwamba wazo, alama za mwili wa shujaa, maandalizi ya umma, herufi na baadaye matini zenyewe zilipita katika mikono ya wanawake wanne, na hakuna hata mmoja wao aliyeandikwa.

5. Kusoma kamba na bangili

Uhakiki wa kiwasifu hupenda ulinganifu wa moja kwa moja. Wahakiki husema: Marston alibuni kipimo cha uongo, ndiyo maana Wonder Woman ana kamba inayomlazimisha mtu kusema kweli. Matini za miaka ya 1940 hazikubali usomaji huo kwa wepesi. Katika hadithi za Marston, kamba humlazimisha aliyefungwa kutii, na kusema kweli ni sehemu tu ya utii huo. Mkazo juu ya ukweli uliongezeka baadaye, mikononi mwa watunzi wengine. Kamba ya kwanza ina ukoo na kitabu cha 1928 kuliko kipimo cha shinikizo la damu: ni chombo cha kumfanya mtu ajisalimishe.

Bangili nazo zina maana mbili. Katika toleo la kwanza la Wonder Woman (1942), Waamazoni wanazivaa ili wasisahau walivyotekwa na Hercules. Mwanamume akiziunganisha kwa mnyororo, nguvu za shujaa hutoweka. Picha za mwanamke anayekata minyororo zilikuwa za kawaida katika harakati za kudai kura mwanzoni mwa karne ya 20, na Byrne alitoka katika familia ya harakati hizo. Hata hivyo hadithi za Marston hurudia kumfunga shujaa kwa wingi unaozidi haja ya ploti. Mwaka 1943 Josette Frank, mtaalamu wa fasihi ya watoto aliyekuwa katika bodi ya ushauri ya mchapishaji, aliandika kulalamikia jambo hilo, na mwaka uliofuata akajiuzulu.

Mvutano huu hauishi kwa kuchagua upande. Katika matini zilezile, minyororo ni urithi wa harakati za wanawake na pia ni matamanio ya mwanamume aliyeziandika. Usomaji unaomfanya Marston mtetezi safi wa wanawake unaifumbia macho nusu ya kurasa zake. Usomaji unaomfanya mtu wa tamaa tu unafuta yale ambayo wanawake wa nyumba hiyo walileta. Usomaji wa pili unarudia kosa la lakabu: unampa mtu mmoja kazi yote, hata kama ni kwa kumlaumu.

6. Baada ya 1947

Marston alifariki Mei 1947. Hapo ndipo thamani ya jina ilipopimwa. Holloway, aliyeijua kazi hiyo tangu chimbuko, aliiomba kampuni nafasi ya kuwa mhariri wake. Hakupewa. Hummel alikuwa ameolewa na kuacha kazi mwaka huohuo. Byrne hakuweza kudai lolote, kwa kuwa kudai kungefichua kila kitu. Uandishi ulikabidhiwa kwa Robert Kanigher.

Dalili za mabadiliko zilikuwepo mapema. Mwaka 1942, katika hadithi za chama cha mashujaa zilizoandikwa na Gardner Fox, Wonder Woman alipewa kazi ya ukatibu huku wenzake wa kiume wakienda vitani. Baada ya 1947 mabadiliko yaliota mizizi. Kurasa zilizosimulia maisha ya wanawake mashuhuri wa historia, zilizoanzishwa kwa ushirikiano na mchezaji tenisi Alice Marble, zilipungua, na nafasi yake ikachukuliwa na makala za desturi za harusi. Mwaka 1968 shujaa alinyang'anywa nguvu zake kabisa. Alirejeshewa mwaka 1973, baada ya jarida la Ms. kumweka kwenye jalada la toleo la Julai 1972.

Haiwezekani kuthibitisha kwamba Holloway angeliongoza jarida vyema zaidi. Kinachothibitika ni kwamba hakuwa na haki ya kusikilizwa, kwa kuwa hakuwahi kuandikwa. Jina juu ya kazi si heshima tupu. Ni msingi wa mamlaka: hutoa sauti pale kazi inapobadilishwa, inapouzwa au inapotumiwa kwa lengo jingine.

Matumizi ya namna hiyo yalionekana Oktoba 2016, Umoja wa Mataifa ulipomteua Wonder Woman kuwa balozi wa heshima wa uwezeshaji wa wanawake na wasichana. Baadhi ya wafanyakazi wa Umoja huo walipinga, na waraka wa upinzani ulipata saini zaidi ya 40,000. Uteuzi ulikoma Desemba mwaka huohuo. Mjadala ulijikita katika mavazi na umbo la shujaa. Swali la nani alimtunga na kwa masharti gani halikupewa nafasi kama hiyo, ilhali ndilo lenye manufaa zaidi kwa taasisi inayotaka kumwajiri shujaa wa kubuni.

7. Mkate na moto: upande wetu

Fasihi ya Kiswahili inalifahamu tatizo hili. Katika utendi wa Fumo Liyongo, shujaa hutoka gerezani kwa tupa iliyofichwa ndani ya mkate uliookwa na mama yake na kupelekwa na kijakazi Saada. Utendi huitwa kwa jina la Liyongo. Katika masimulizi ya Walugbara yaliyokusanywa na John Middleton, aliyefanya utafiti katika eneo hili kati ya 1949 na 1952, shujaa Dribidu anapata moto kutoka kwa mwanamke mwenye ukoma, kisha anamponya. Koo hukumbuka nasaba yao kupitia Dribidu na mwenzake Jaki. Mwanamke aliyekuwa na moto hukumbukwa zaidi kwa ukoma wake.

Ulinganisho huu una mipaka. Masimulizi simulizi hayana mtunzi mmoja, na kutotajwa kwa msimulizi ndani yake si dhuluma. Dhuluma huanza pale simulizi linapotolewa kinywani mwa bibi mmoja Ajia, likaandikwa, likachorwa, likachapwa, na jina la mwandaaji pekee likabaki kwenye jalada. Wakati huo hali ya uandishi inakuwa imebadilika, na mwenye moto anakuwa amefutwa kwa mara ya pili.

Sheria ya Hakimiliki na Haki Shirikishi ya Uganda ya mwaka 2006 inatambua haki ya mtunzi kudai utunzi wake na kutajwa. Haki hiyo, hata hivyo, humfaa yule anayehesabiwa kuwa mtunzi. Msimulizi, mfasiri wa kutoka Kikakwa kwenda Kiswahili, mchoraji na mwandika herufi wanaweza kuhesabiwa kuwa wasaidizi tu, kama walivyohesabiwa wanawake wanne wa nyumba ya Marston.

8. Hitimisho na mapendekezo

Wasifu wa Marston umesomwa kama kisa cha nyumba isiyo ya kawaida. Makala hii imeusoma kama kisa cha kazi ya wengi iliyosainiwa kwa jina moja la kubuni, na imeonyesha kuwa gharama ya saini hiyo ililipwa baadaye, wakati shujaa alipobadilishwa na waliomjua wakakosa pa kusemea. Kutokana na uchambuzi huo, mapendekezo matatu yanatolewa kwa watafiti na washauri wa sera.

Kwanza, miradi ya hadithi za picha katika Nile Magharibi iandike, kabla ya mchoro wa kwanza, orodha ya washiriki wote na mchango wa kila mmoja: msimulizi, mtunzi, mfasiri, mchoraji na mwandika herufi. Orodha hiyo ichapwe ndani ya kitabu chenyewe. Msimulizi anayetaka jina lake lisitajwe kwa sababu zake binafsi aheshimiwe, lakini uamuzi uwe wake.

Pili, mikataba ieleze nani ataulizwa shujaa anapobadilishwa, kutafsiriwa au kutumiwa katika kampeni. Kutajwa bila haki ya kuulizwa ni nusu ya utambuzi.

Tatu, wahakiki wa fasihi ya watoto wapanue maana ya wasifu wa mtunzi. Badala ya kuuliza tu mtunzi aliishi na nani, waulize pia nani alifanya kazi gani ili hadithi ifike mkononi mwa msomaji, na nani kati yao aliweza kukataa ilipoharibiwa. Kwa Wonder Woman, jibu la swali hilo la mwisho lilikuwa kwamba, baada ya Mei 1947, hakuwepo hata mmoja.